Meno ya Mshonaji

Mama mshonaji hakujitazama kwenye kioo alichopewa na daktari wa meno. Alitoa uzi mkobani, akaung'ata kwa meno ya mbele, akavuta. Uzi ukateleza. Akajaribu tena.

Alikuja kwa ajili ya jino la nyuma tu. Daktari, binti aliyekuwa katika mwezi wake wa pili kazini, alipoona meno ya mbele yamelika kijishimo, aliuliza, "Na haya nikutengenezee, mama?" Akajibiwa kwa mguno, maana mdomo ulikuwa umejaa pamba. Basi akayajaza kwa moyo wote.

"Mwanangu, umeziba pa kukatia uzi."

"Si kuna mkasi, mama?"

Akamwonyesha vidole vilivyopinda kama tangawizi. "Kwa hivi? Sasa nitakula wapi?"

Daktari akaitazama kazi yake nzuri kuliko zote, kisha akanyoosha mkono kuchukua mashine ya kuchongea.