Weusi Kwenye Pembe ya Ukurasa

Tangu asubuhi Shemdoe na Rehani walikuwa wakibishana mezani kwa Bi Salme, mshonaji wa vitabu vilivyochakaa: kati ya riwaya mbili za mwandishi yuleyule, ipi inatisha zaidi?

Bi Salme akazipokea. Ya kwanza ilikuwa imechakaa sawasawa kurasa zote. Ya pili ilifunguka yenyewe katikati, pembe ya ukurasa ikiwa nyeusi kwa alama za vidole gumba.

"Ni hii," alisema. "Hapa kila mtu alishika kwa nguvu."

"Kumbe mama umeisoma," alisema Shemdoe.

"Sijui kusoma, mwanangu. Hebu nisomee."

Shemdoe aliweka kidole gumba juu ya ule weusi, kikaenea barabara. Akaanza kusoma, taratibu. Alipofika mstari wa tatu, sindano ilianguka. Mkono wa Bi Salme ulikuwa umeikamata pembe nyingine ya ukurasa.