Magugu Yalipotoroka Rangwena

Magugu yalikuwa yametoroka.

Diwani Zadock Ogwari alisimama ufuoni saa kumi na mbili asubuhi, suruali ameikunja mpaka magotini, akakodolea macho maji ambayo hakuwa ameyaona kwa zaidi ya mwaka. Ziwa lilikuwa jeupe, safi kama sahani iliyooshwa. Jana jioni magugu yalikuwa yametanda hapa hadi mgeni angedhani ni shamba la mtu. Usiku upepo ukageuka, ukayasukuma yote kuelekea Kendu Bay, bila hata kuaga.

"Nyasaye, Mungu wangu!" akasema. "Kwa nini leo?"

Maana leo, saa nne, afisa kutoka Kisumu alikuwa anakuja kuyatazama magugu hayo hayo.

Bajeti ya Baraza la Mji wa Rangwena ilikuwa imekwama wiki ya tatu. Kilikuwa kimebaki kifungu kimoja tu cha pesa, na watu wawili wamekikamata, kila mmoja anavutia kwake. Zadock, wa Wadi ya Bichi, alikitaka cha kung'oa magugu. Mama Seline, wa Wadi ya Sokoni, alikitaka cha mabomba ya maji, kwa sababu wanawake wake walikuwa wanasukumana kwenye bomba moja tangu alfajiri. Zadock akamtupia bomba moja. Mama akakataa. Akamwongezea la pili. Mama akasema manne, akatoa njugu mkobani, akaanza kutafuna. Kura zikapigwa mara tano: wanne huku, wanne kule, na mwenyekiti, aliyewaogopa wavuvi na kumwogopa mkewe, mchuuzi wa sokoni, vilevile, hakupiga popote.

Kwa Zadock huo haukuwa mchezo. Uchaguzi ulikuwa mwakani, na wavuvi walishamwambia wazi kwamba bila pesa za magugu asirudi kuomba kura. Mwaka jana alipata kifungu kama hicho, akaichukua kamati yake wiki mbili Mombasa, ikajionee maji yasiyo na magugu yanafananaje. Wavuvi hawakucheka.

Ndipo Mama Seline alipoingia kikaoni na barua, akaisoma mwenyewe kwa sauti: afisa atafika Jumatano saa nne kuangalia hali ya magugu ufuoni. Akaikunja, akaitia mkobani.

"Mheshimiwa, tumechoka kugombana," alisema. "Atakachokiona afisa ndicho kiamue. Akiona magugu, mimi sitakupinga hata kidogo. Akiona maji, nipe mabomba yangu manne."

Zadock alikubali haraka haraka, mama asije akabadili nia. Na sasa tazama, maji!

Alikimbia kwa Dalmas, mkubwa wa wavuvi, akamkuta anasukutua mdomo.

"Dalmas, omera, ndugu yangu, nirudishieni magugu."

Dalmas alitema maji. "Mheshimiwa, si Jumapili ulisimama kanisani ukatuambia tuombe yaende?"

"Yaende kesho! Leo nayataka hapa."

"Mule ndani kuna nyoka. Kuna hata kiboko."

"Lete na kiboko!"

Mitumbwi sita ikatoka, ikayafuata magugu, ikayafunga kamba. Wanaume wakapiga makasia, wakatukana, wakasali. Kufikia saa mbili walikuwa wameleta kipande kisichozidi meza ya kikao. Zadock aliketi kwenye mchanga, na kusema kweli, machozi yalikuwa karibu.

Mara akamwona Mama Seline anateremka njia ya bichi. Nyuma yake walikuwa wabeba mizigo kumi na wawili wa sokoni, kamba za katani mabegani, na yeye mwenyewe amebeba birika la chai.

"Umekuja kunicheka," Zadock akasema.

"Nikucheke kwa nini? Mtu atoke Kisumu kuja kuona magugu, halafu akute maji? Atasema Rangwena ni waongo." Akawageukia wabeba mizigo. "Haya, shikeni kamba! Magugu yakae pale pale yalipokuwa jana."

Zadock aliinuka mchangani. Wiki tatu alimwita mama huyu nyoka, na kumbe ana roho safi namna hii! Alipokea kikombe cha chai, akaapa moyoni kwamba bajeti ikipita atampa bomba moja, pengine hata mawili.

Wakavuta. Kisiwa kizima cha magugu kikaanza kuja, polepole, na ndege wake juu. Zadock aliingia majini mpaka kifuani akisukuma kwa mikono yake mwenyewe, na mama akapita mstarini akiwahimiza watu na kuwagawia mandazi. Ilipofika saa nne kasorobo, ufuo wote ulikuwa kijani, na tone la maji halikuonekana.

Afisa alifika kwa wakati wake. Alikuwa mtu mwembamba mwenye tai, jina lake Bwana Wasike, faili kwapani. Alitazama magugu, akaandika, akatazama tena.

Zadock alimwendea akiwa bado anachuruzika maji. Hotuba yake ilikuwa tayari.

"Bwana Afisa, jionee mateso ya watu wangu! Magugu haya yako hapa mwaka wa pili. Hakuna aliyeyagusa!"

"Hakuna kabisa?"

"Hata jani moja halijang'olewa. Naapa mbele ya wavuvi hawa wote."

"Ni kweli!" wakaitikia wavuvi.

Afisa aliandika na hilo pia. Kisha akamgeukia Mama Seline, akamshika mkono kwa heshima. "Mama, kumbe yote uliyotuandikia ni kweli tupu."

Akafungua faili, akatoa karatasi ya hesabu za pesa za magugu, yenye mhuri wa mwaka jana, akamwonyesha Zadock sahihi iliyokuwa chini yake.

"Sasa, Mheshimiwa, nionyeshe hizi ekari thelathini ulizong'oa."