Koti la Mikono Miwili ya Kushoto

"Dada, nimeharibu," alisema mkataji wetu, na cherehani zote zikanyamaza. Koti la mteja lilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Msimamizi wa zamani angemrushia mkasi.

Huyu mpya alilivaa. Mkono mmoja ukapinda nyuma, kana kwamba unataka kujikuna mgongo.

"Jamani, si limenikaa?" akauliza, akijizungusha. Tukacheka mpaka mkataji naye akacheka.

"Ahsante kwa kusema, mdogo wangu. Tutafumua."

Kisha msimamizi akainamia hariri ya bibi harusi, kipande pekee kilichokuwepo, akaichora kwa chaki. Mkasi ukafunguka.

Bibi Vifungo, mzee wetu wa kushona vifungo, ambaye kwa miaka yote hapo kazini hakuzidisha neno baada ya salamu, akasimama.

"Mwanangu, usikate. Umekosea kuchora."