Namba ya Pili

Taa ya injini iliwaka hata kabla hawajalitoa gari uani. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, na gari lilitetemeka kama mtu mwenye homa.

"Zima, uwashe tena," alisema Mama Apolinaria kutoka kiti cha mbele.

Zablon alizima, akawasha. Taa ilibaki palepale. Akaondoa gari hivyohivyo.

Nyuma yao, mkewe Eustadia alikaa na sanduku lake la nguo ubavuni na kuku aliyefungwa miguu mapajani. Kuku alikuwa wa kupelekewa wazazi wake huko Igalula. Mama mkwe ndiye aliyesisitiza abebwe. "Hatumrudishi mtoto wa watu mikono mitupu," alisema, kana kwamba jambo lote lilikuwa la adabu tu.

Leo Eustadia alikuwa anarudishwa kwao. Ndoa ilikuwa imekaa miaka bila mtoto, na Mama Apolinaria alikuwa amekuja kuishi nao hapa Ipuli mpaka shauri liishe. Wazee wa pande zote mbili walikuwa wameitwa. Wasipokutana leo, kila mmoja angerudi kwenye tumbaku yake, na hakuna ambaye angewakusanya tena kabla ya mavuno.

Zablon hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Tangu mama yake alipotamka, alikuwa mtu wa kuitika na kunyamaza. Hilo lilimuuma Eustadia kuliko maneno yote ya mama mkwe. Angemfokea, angalau angejua.

"Hata gari limemwiga mkeo," Mama Apolinaria alisema walipokuwa wakijikokota barabarani. "Linakula mafuta, halitoi kitu."

Kuku alipapatika. Eustadia alimbana mabawa, akatazama nje.

Walifika kwa shida gereji ya Idrisa, nyuma ya soko. Idrisa ndiyo kwanza alikuwa anafungua. Ovaroli yake ilikuwa bado safi, na mikono yake pia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tuharakishie, tuna safari."

"Shemeji, za asubuhi?"

"Nzuri, shemeji," Eustadia alijibu kwa sauti ndogo.

Idrisa akamnyooshea Zablon mkono. Zablon, ndani ya koti lake la kanisani, alikunja ngumi, akampa kifundo cha mkono ashike.

Idrisa alicheka. "Kaka, leo fundi ni mimi au ni wewe?"

"Fungua hiyo boneti," Mama Apolinaria aliingilia. "Watu wazima wanatungoja."

Idrisa alichomeka kimashine chake chini ya usukani. Kilikuwa cha zamani, kikionyesha namba moja moja. Alisubiri, akasoma.

"Sensa ya hewa, ile inayopima hewa ya injini. Haisikiki."

"Imekufa?" mama aliuliza.

"Hapo ndipo watu wanapokosea, mama. Wakiona namba wanakimbilia kununua kifaa kipya. Namba haisemi kitu kimekufa. Inasema injini inakiita, nacho hakiitiki. Sasa ni kazi yako kwenda kukitazama."

Aliinama juu ya injini, na mara akacheka tena.

"Si hii hapa! Soketi imechomoka. Nilikuonyesha ile siku ya kubadilisha oili, kaka, wewe na shemeji. Nikawaambia hii ikitoka, gari linalia."

Aliisukuma soketi mpaka ikaitika, tak.

Eustadia alimkumbatia kuku.

"Kumbe kitu kidogo hivyo," Mama Apolinaria alisema, akifunga vizuri kitambaa cha kichwani. "Bwana asifiwe. Eustadia, panda."

Idrisa alifuta ile namba kwenye kimashine, akamwambia Zablon awashe.

Taa ikawaka. Gari likatetemeka vilevile.

Mama Apolinaria alisonya. Eustadia, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari, aligeuka na kumkodolea macho Idrisa kama mtu aliyeletewa habari ambayo haiwezekani.

"Kuna namba ya pili," Idrisa alisema taratibu. "Koili, ile ya kuwashia plagi."

Zablon alishuka, akasimama upande wa pili wa gari. Idrisa alizamisha mkono nyuma ya injini mpaka kiwikoni, akapapasa, akautoa mweusi kwa oili. Safari hii hakucheka.

"Soketi nyingine. Lakini hii haikuchomoka, imechomolewa. Ina kibano, lazima ukibinye. Na huku nyuma huingizi mkono ukautoa safi. Hata sabuni utaimaliza."

"Panya hawa," mama alisema.

"Panya anatafuna, mama. Habinyi kibano."

"Basi ni mtu!" Mama Apolinaria alipaza sauti. "Ni nani huyo asiyetaka tufike Igalula?"

Akamgeukia Eustadia, akaishika mikono yake, akaipindua huku na huku. Ilikuwa safi. Kwenye kiganja kulikuwa na unyoya mmoja wa kuku, basi.

Eustadia alishusha macho. Alfajiri, alipotoka kwenda kumkamata kuku, alikuwa amechomoa soketi moja tu, ile ya juu.

Alipoinua macho, Zablon alikuwa anamtazama kutoka upande wa pili wa gari, mkono wa kulia kaufukia mfukoni mwa koti la kanisani.