Ngoma Kwapani

Msafara wa bwana harusi ulisimama mbele ya daraja jipya la kamba za chuma. Mhandisi Nasra alikuwa ameuzuia.

"Vukeni, lakini bila ngoma."

Shomvi, mpiga ngoma wa harusi zote za mji ule, alicheka. "Harusi bila ngoma ni matanga, binti yangu."

Nasra akamgeuzia kompyuta yake, yenye mfano wa daraja lile. Mle ndani umati ulivuka ovyo ovyo na daraja likatulia. Kisha ukavuka kwa mdundo. Daraja likayumba kidogo, watu wakaufuata myumbo wasianguke, nalo likazidi, nao wakazidi, mpaka kamba zikakatika.

"Daraja linawafuata wao, nao wanalifuata daraja," alisema Nasra. "Hakuna anayewaamrisha."

Shomvi akaitia ngoma kwapani. Walivuka kila mtu na hatua yake.

Ng'ambo akaanza kupiga. Papo hapo miguu yote, hata ya vikongwe, ikakanyaga pamoja. Shomvi alistaajabu: kumbe yule binti aliiona miguu hii kabla haijatoka nyumbani!

Akageuka amshukuru. Nasra alikuwa katikati ya daraja, anakuja peke yake, na miguu yake imeshaushika mdundo.

Shomvi akauacha mkono hewani, juu ya ngoma.