Sawa na Nyumba ya Mwisho

Baba ameshinda! Redio ilipomtangaza kuwa diwani wa Kata ya Lugombe, nilirukaruka na tumbo langu la miezi tisa hadi mama akanidaka mkono.

"Wewe Tumpe, utazalia sebuleni!" alinikaripia, huku na yeye anacheza.

Nilikuwa nimerudi kwetu kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi, lakini badala ya kupumzika nilimpigia baba kampeni wiki sita. Nilitaka ashinde kuliko alivyotaka mwenyewe.

Mara redio ikazima. Bomba la jikoni likakohoa, likakauka. Nje watu wakazidi kushangilia, maana sheria ilikuwa imeanza: nyumba ya diwani hupata kile tu kinachofika nyumba ya mwisho katani. Katika kata yetu ni nyumba ya Bi Sekela, kule juu mlimani.

"Nipeni miaka miwili tu!" baba alisema, macho yakimng'aa. "Nitapeleka maji mpaka kwa Bi Sekela!"

Nikacheka, nikapiga vigelegele, na papo hapo chupa ya uzazi ikapasuka.

Mama akapigia simu kituo cha afya. Muuguzi alifurahi kweli. "Nyumbani kwa mheshimiwa? Hongereni jamani! Sasa, kutoka kwa Bi Sekela ni mwendo wa saa sita kwa machela. Mlango utawafungukia saa mbili usiku."

Ilikuwa saa nane mchana. Baba akageukia dirisha. Kituo kiko ng'ambo ya barabara. Mlango wake mweupe tuliuona vizuri, nyuma ya watu waliokuwa wakiimba jina lake.