Anzia kwa Ryohei

“Tena,” sauti ya Mzee Onodera, mwongozaji, ilisema kwenye hedifoni. “Anzia kwa Ryohei.”

Hisae aliuma meno. Tangu asubuhi alikuwa mbele ya maikrofoni hii, akirudia sentensi ileile ya filamu ya katuni, na mzee hajamwambia hata mara moja kosa lake ni nini. Ilikuwa nafasi yake ya kwanza kubwa: malkia wa msituni asiyezeeka, anayeagana na msafiri aliyemtendea wema. Akishindwa leo, Jumatatu mtu mwingine atasimama hapa.

Taa nyekundu ikawaka. Masikioni mwake msafiri alivuta pumzi, ndefu, yenye kukwaruza, kisha akasema: “Ukiusahau uso wangu, si neno. Mkokee moto mtu mwingine anayetetemeka kwa baridi, nami nitakuwa nimerudi.”

Hisae akajibu: “Kila nikiona moshi, nitageuka.”

“Tena. Kwa Ryohei.”

“Mwalimu, sehemu ya Ryohei si imeshakamilika? Tuanzie kwangu basi, tuokoe muda.”

“Kwa Ryohei.”

Nyuma ya kioo mzee alikuwa amefumba macho. Hata kumtazama hakumtazama! Asubuhi walipopishana mlangoni koti lake lilinuka ubani, na sasa Hisae aliuchukia hata ubani wenyewe.

Huyo Ryohei, sauti ya msafiri, Hisae hakuwahi kumwona. Alirekodiwa peke yake, kabla ya wenzake wote, kama mfalme.

“Na yeye mlimrudisha mara ngapi?” aliuliza.

“Hatukumrudisha.”

“Ahaa! Kumbe wapo wapendwa humu!”

“Tena,” mzee alisema polepole.

Hisae alivua hedifoni, akaibwaga, akausukuma mlango mzito na kuingia chumba cha mitambo.

“Kama hunitaki, sema hunitaki! Mimi si mwanasesere wako!”

Mzee hakufumbua macho. Aliinua kidole tu, kama mtu anayenyamazisha chumba kizima, huku mkono wa pili ukibana hedifoni sikioni.

Chinatsu, fundi wa sauti, alimshika Hisae kiwiko, akamtoa nje hadi kwenye korido.

“Dada, punguza moto. Ile yako ya kwanza kabisa, ya asubuhi, ilikuwa safi. Nimeshaihifadhi.”

“Imehifadhiwa?” Hisae alihisi damu ikimpanda upya. “Nimekaukwa na koo siku nzima kwa ajili ya nini? Ananikomoa?”

“Mzee akikikubali kipande, jioni hii kinaondoka kwenda kutiwa muziki. Huko hufuta mikwaruzo yote. Pumzi nazo hufutwa.”

“Zifutwe! Pumzi za mtu zinanihusu nini?”

Chinatsu alichungulia kioo cha mlango, akashusha sauti.

“Mazishi yalikuwa ya familia tu, Jumapili. Hawatangazi mpaka siku ya arobaini na tisa, ya kumaliza matanga, ipite. Ryohei alikuwa mwana wa mzee.”

Hisae naye alichungulia kioo, akamwona mzee angali amebana hedifoni sikioni. Kisha akarudi ndani, akaokota hedifoni, akaivaa, akainamia maikrofoni.

“Samahani, mwalimu,” alisema. “Bado sijaipata. Naomba tuendelee kesho. Tuanzie kwa Ryohei.”